Adabu ya Jengo mbele ya Jua

Swali la mahali pa mwanadamu katika maumbile, kama yeye ni mtawala asiyeulizwa au ni mgeni aliyekaribishwa kwa masharti, limezungumzwa na wanazuoni wa dini zote kwa karne nyingi, na aghalabu huulizwa juu ya mashamba, wanyama na maji. Ni nadra kuulizwa juu ya kuta na mapaa, hali kuta na mapaa ndivyo vitu tunavyokaa navyo tangu kuzaliwa hadi kufa, na ndivyo vinavyotangaza mbele ya wapita njia jinsi aliyevijenga alivyoifahamu nafasi yake chini ya mbingu. Jimbo la Texas lanipa mfano ulio dhahiri kuliko nchi nyingi, kwa kuwa huko usanifu mpya wa Ulaya uliwasili ukiwa na fedha tele, mafuta tele na umeme tele, ukakutana na jua lisilokuwa lake. Na matokeo ya makutano hayo, katika Houston iliyo jirani na Ghuba ya Mexico, na katika Dallas na Fort Worth zilizo bara upande wa kaskazini, yamesimama mpaka leo, mengine yakiwa ushahidi wa utii na mengine ushahidi wa uasi.

Usanifu huo ulizaliwa Ujerumani, Uholanzi na Ufaransa baina ya vita viwili vikuu, katika nchi ambazo jua ni neema adimu na nuru hutafutwa kwa hamu, ndiyo sababu ulipenda kuta za vioo, paa la bapa, rangi nyeupe na chuma kisichofunikwa. Kwa watu waliokuwa wakitoka katika vyumba vyenye giza na moshi wa viwanda, dirisha pana lilikuwa ni dawa, nami sina neno juu ya dawa hiyo. Kosa lilianza pale dawa ya mgonjwa mmoja ilipoandikiwa walimwengu wote. Mnamo 1929, katika mihadhara aliyoitoa Buenos Aires, msanifu Le Corbusier alifundisha kwamba umefika wakati wa nyumba ya namna moja kwa nchi zote na tabia zote za hewa, nyumba iliyofungwa barabara na kupuliziwa hewa ya nyuzi 18, iwe Urusi, iwe Suez. Tusimdhulumu: miaka michache baadaye, aliposhauriana na akina Lucio Costa na Oscar Niemeyer juu ya jengo la wizara la Rio de Janeiro, upande wa jua kali uliwekewa mabapa ya kukinga mionzi, na mabapa hayo yakawa kama hati ya toba ambayo wasanifu wa nchi za joto waliinakili kwa miaka thelathini.

Afrika Mashariki iliipokea toba hiyo mapema. Ernst May, Mjerumani aliyekuwa amejenga mitaa mizima ya Frankfurt, alihamia kwetu mwaka 1934, akafanya kazi Kenya, Uganda na Tanganyika, na Oceanic Hotel ya Mombasa ikawa miongoni mwa alama zake. Wasanifu Maxwell Fry na Jane Drew, baada ya kazi zao za Afrika Magharibi, walitoa mwaka 1956 kitabu kizima cha ujenzi katika nchi za joto lenye unyevu. Lakini lazima tuseme kwa insafu kwamba huku kwetu msanifu alitii kwa sababu hakuwa na njia nyingine: hapakuwa na umeme wa kutosha wala fedha za kununulia baridi, kwa hiyo upepo ulikuwa ni lazima na uvuli ulikuwa ni lazima. Anayetii kwa kukosa uwezo wa kuasi, utii wake haujajaribiwa bado. Mtihani wenyewe ulikuwa Texas, ambako mtu aliweza kulipuuza jua kabisa akitaka, na gharama yake akailipa bila ya kuhisi.

Houston hupata mvua zaidi ya milimita 1,200 kwa mwaka, na kiangazi chake huwa na harara yenye jasho ambayo mtu wa Tanga au Mombasa huitambua mara ashukapo ndegeni. Katika mji huo palifunguliwa mwaka 1965 uwanja wa michezo wa Astrodome, wa kwanza duniani wa ukubwa ule kufunikwa wote na kupozwa kwa mitambo, na mapaa yake yalikuwa ya vigae vinavyopitisha nuru ili majani ya uwanjani yaote. Ikatokea kwamba nuru hiyo iliwapofua wachezaji, wasiweze kuuona mpira ulio juu. Vigae vikapakwa rangi, nuru ikapungua, majani yakafa. Na mwaka uliofuata yakatandikwa majani ya bandia, ambayo mpaka leo huitwa kwa jina la uwanja ule. Kila hatua ilikuwa na akili yake, na kila hatua iliuondoa uhai mmoja ili kuulinda uamuzi wa kwanza. Sijui mfano ulio mfupi na kamili zaidi wa yale yanayompata mtu anayeshika njia asiyotaka kuiacha.

Basi na tuyatazame majengo ambayo yaliutafuta mwafaka. Baina ya 1957 na 1959 mapadri wa shirika la Mtakatifu Basili walijengewa na msanifu Philip Johnson kitovu cha Chuo Kikuu cha St. Thomas, kwa mtindo aliojifunza kwa Mies van der Rohe: nguzo za chuma cheusi, kuta za matofali na vioo, vyote vimenyooka kwa kipimo kikali. Lakini majengo hayo yameunganishwa kwa vijia vya ghorofa mbili vilivyoezekwa, vinavyouzunguka uwanja wa majani, na mwanafunzi huweza kutoka darasani hadi darasani pasipo kupigwa na jua la Agosti wala mvua ya ghafla. Asili ya vijia hivyo ni chuo cha Thomas Jefferson kule Virginia, na nyuma yake ziko nyua za watawa wa Ulaya. Hata hivyo aliyelelewa katika nyumba yenye baraza hahitaji kuelezwa kwa nini chuma kile kikali chapata upole pale kinapotoa kivuli kwa apitaye.

Hatua chache kutoka hapo ipo Rothko Chapel, ambayo kwangu ndiyo somo zito kupita yote ya Houston. John na Dominique de Menil, Wakatoliki wa Kifaransa waliohamia Texas wakati wa Vita Kuu ya Pili, walimwagiza mchoraji Mark Rothko mwaka 1964 awafanyie picha za mahali pa ibada. Na mahali hapo hapakubaki pa madhehebu moja, kwani leo mlangoni huwekwa vitabu vitakatifu vya dini mbalimbali, Kurani ikiwa miongoni mwao, na kila mtu huingia na nia yake. Rothko alizichora picha 14 zenye rangi nzito ya zambarau na weusi ndani ya karakana yake ya New York, iliyopata nuru kutoka juu kupitia kioo alichokitandia kitambaa, naye akataka chumba cha Houston kiwe na kioo cha juu kama kile. Johnson, aliyekuwa msanifu wa kwanza, alipendekeza mnara wa piramidi iliyokatwa kilele ili jua livunjwe nguvu kabla ya kufika chini. Hawakuafikiana, Johnson akajitoa mwaka 1967, na kazi ikamaliziwa na Howard Barnstone na Eugene Aubry kwa namna aliyoitaka mchoraji. Rothko alifariki Februari 1970 bila ya kupata kukiona chumba kile kimekamilika, na chumba kikafunguliwa Februari 1971.

New York iko karibu nyuzi 11 za latitudo kaskazini zaidi ya Houston, na tofauti hiyo, ambayo juu ya ramani ni upana wa vidole viwili, ndani ya chumba kile ilikuwa ni tofauti ya mbingu mbili. Nuru iliyoteremka ilikuwa kali mno. Mboni za macho zikajikaza, na picha zilizokusudiwa kumvuta mtu polepole katika kina chake zikaonekana kama mbao nyeusi zisizo na neno. Pakatandwa kitambaa, kisha pakatundikwa kizuizi kikubwa kilichoning'inia katikati ya dari na kukilemea chumba, na hali ikawa hivyo miaka mingi, hata ukarabati uliokamilika mwaka 2020 ulipoondoa kizuizi kile na kuweka kioo kipya chenye mabapa membamba yanayoigawanya nuru na kuipeleka kutani. Takriban nusu karne ilipita kabla ya chumba cha ibada kukiri kwamba kiko Houston. Nami naona katika kisa hiki jambo la dini, kwa sababu Rothko hakuwa na kiburi cha mwenye mali. Alikuwa na kiburi kilicho safi zaidi na kwa hiyo kigumu zaidi kukitambua, yaani imani kwamba hali ya roho aliyoipata chini ya kioo chake yaweza kuhamishwa nzima nzima mpaka mahali popote. Anayemwelekea Mwenyezi Mungu humwelekea akiwa na mwili, na mwili uko mahali, na jicho lake hufunguka na kufumba kwa amri ya jua la mahali pale. Ibada isiyoliheshimu jicho humwomba mja aache umbo alilopewa.

Nenda sasa Fort Worth, katika jumba la sanaa la Kimbell lililofunguliwa mwaka 1972, uone jinsi swali hilohilo lilivyojibiwa na mtu aliyekuwa amefundishwa Afrika. Louis Kahn, Myahudi aliyezaliwa Estonia na kukulia Philadelphia, alipewa kati ya 1959 na 1962 kazi ya kusanifu ubalozi mdogo wa Marekani mjini Luanda, Angola, kazi ambayo haikujengwa kamwe. Alisimulia baadaye kwamba huko mwangaza ulikuwa hauvumiliki dirishani, na kwamba aliwaona wenyeji wakifanya kazi zao wakiuelekea ukuta badala ya kuuelekea uwanja, hata ndani ya nyumba wakigeuza viti vyao ukutani, ili wapate nuru iliyokwisha kugonga na kulainika. Akabuni ukuta wa pili mbele ya dirisha, na paa la jua juu ya paa la mvua. Mipango ile ilibaki karatasini, lakini fundisho halikubaki karatasini.

Kimbell imejengwa kwa mapaa marefu ya zege yaliyopindwa kama tao, kila moja likiwa na urefu wa mita 30 hivi, na utosini kabisa mwa tao Kahn alilikata kwa urefu wake na kuliingiza jua. Chini ya ufa huo limetundikwa bapa la alumini lililopindwa kwa usanii aliosaidiwa na Richard Kelly, mtaalamu wa taa, nalo hulipokea jua la Texas, lile lile lililowashinda wachezaji wa Houston, na kulirudisha juu kwenye tumbo la zege, ambako hutawanyika na kuteremka likiwa na rangi ya fedha. Hakuna picha inayopigwa na mwonzi mmoja, wala hakuna saa ya mchana ambayo mtu aliyemo ndani hajui kama wingu limepita. Hivyo mtu wa Luanda, ambaye hakuna kitabu kilichohifadhi jina lake, aliyekigeuza kiti chake ukutani ili ashone au achonge vizuri, yumo katika dari la jumba linalosifiwa kuwa miongoni mwa majengo bora ya karne yake. Na nataka watoto wetu wanaosoma usanifu waelezwe habari hiyo kabla ya kuelezwa majina mengine. Upande wa mbele Kahn aliacha mapaa yasiyo na kuta, kumbi zilizo wazi ambazo hazina kazi ila kivuli, na atakayetaka aweza kukaa hapo asiingie ndani wala asilipe kitu.

Dallas kuna kisa cha haki ya jirani. Mwaka 2003 ulifunguliwa Nasher Sculpture Center, uliosanifiwa na Renzo Piano, na dari lake la vioo limefunikwa kwa vijicho vingi mno vya chuma vilivyoelekezwa kaskazini, ili nuru tulivu ya upande huo iingie na jua la kusini lisiguse. Takriban miaka kumi baadaye jirani yake, upande wa kaskazini, uliinuka mnara wa makazi wa ghorofa 42 uitwao Museum Tower, umevikwa vioo ving'aavyo. Vioo vikalipokea jua la kusini na kulirudisha moja kwa moja ndani ya vijicho vilivyokuwa vimefunguliwa kwa amani, sanamu zikapigwa, miti ya bustani ikaungua, na ugomvi ukaendelea kwa miaka. Mnara ule haukuhitaji kulipokea jua, maana wakazi wake wana baridi ya mashine. Ulichofanya ni kulitupa, na ukitupacho hakikosi mahali pa kuangukia. Mafakihi wa Kiislamu walijadili zamani mambo ya dirisha linalochungulia ua wa watu, ukuta unaomnyima mtu upepo, na maji ya paa yanayomwagikia kwa mwenzio, wakayahukumu kwa kanuni kwamba mtu asidhuru wala asidhuriwe. Naona wangeliifahamu kesi ya Dallas bila ya kuhitaji mkalimani.

Nasikia hoja ya anayepinga, na ni hoja yenye uzito. Atasema: je, akili iliyobuni kiyoyozi nayo haikutoka kwa Mungu, na mzee mwenye moyo dhaifu atakayekufa kwa joto la Julai utamwambia akae barazani asubiri upepo? Hasha, sitamwambia hivyo. Mashine ile imeokoa roho za watu, na anayeibeza hajauguza mtu katika joto. Ninalolikataa ni jengo lililojengwa kwa namna ambayo bila mashine haliwezi kuwa nyumba hata kwa usiku mmoja. Tarehe 8 Julai 2024 tufani iliyoitwa Beryl iliipiga Houston, na wateja zaidi ya milioni 2 wakakosa umeme, wengine kwa siku nyingi, katikati ya joto. Miongoni mwa waliokufa walikuwamo waliouawa na harara ndani ya nyumba zao, na hata Rothko Chapel iliingiwa na maji ya mvua, baadhi ya picha zikadhurika, ikafungwa kwa miezi. Katika mitaa ya Houston, kama katika mitaa ya Dallas na Fort Worth, zipo familia nyingi za kutoka Kongo na Burundi zinazozungumza Kiswahili, na wengi wao wamepanga katika majumba ya vyumba yenye dirisha la upande mmoja, dirisha ambalo pengine hufunguka kiasi cha shubiri, pasipo baraza wala mlango wa pili wa kuvutia upepo. Kwao umeme ukikatika, au bili ikiwashinda kulipa, jengo lenyewe hugeuka kuwa adui.

Na haikuwa lazima iwe hivyo, kwa sababu maskini wa Houston walikwisha kuishi katika nyumba zilizojengwa vizuri zaidi. Katika mtaa wa Third Ward, ambao ni mtaa wa kale wa Waamerika weusi, zimehifadhiwa tangu 1993, kwa juhudi za wasanii walioanzisha Project Row Houses, nyumba 22 za mbao zilizo nyembamba, zenye vyumba vilivyofuatana na milango iliyolingana tangu mbele hadi nyuma, na baraza linaloangalia njia. Wataalamu wameufuatilia ukoo wa nyumba hizi kupitia New Orleans na Haiti hadi Afrika Magharibi. Upepo ukiingia mlango wa mbele hupita moja kwa moja. Nyumba za mawe za Lamu zilipata wembamba wa vyumba vyao kutokana na urefu wa boriti za mikoko, na hizi za Texas kutokana na uchache wa ardhi na mali, lakini zote mbili zilitambua kwamba hewa ni mgeni wa kufunguliwa mlango. Msanifu wa Ulaya aliyetaka kujifunza nchi ile angeliweza kuanzia hapo, maili chache tu kutoka kwenye minara ya vioo ya katikati ya mji.

Mwaka 2025 ulifunguliwa mjini Houston, karibu na Buffalo Bayou, mkondo wa maji ambao mafuriko yake hayasahauliki, Ismaili Center ya kwanza ya Marekani, kazi ya Farshid Moussavi, msanifu mzaliwa wa Iran anayefanya kazi London. Baadhi ya waumini wa Kiismailia wanaoitumia wazazi wao walizaliwa Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala, na wengine waliondoka Uganda katika ile amri ya kufukuzwa Waasia ya 1972. Jengo hilo ni la kisasa bila ya kusitasita, tena lina kumbi pana zilizo wazi na zenye kivuli, kuta za mawe zilizotobolewa kwa nakshi, na bustani zilizopangwa ngazi kwa ngazi ili maji ya mafuriko yapate pa kwenda. Hapa chuma na hesabu ya Ulaya vimekaa pamoja na ukumbi wa Uajemi chini ya jua la Ghuba, na hakuna aliyemnyamazisha mwenziwe.

Wengi wetu hatuna hazina ya namna hiyo, lakini tuna misikiti na makanisa tunayoyakusudia, na makundi ya Waswahili wa Texas wanaochangishana kidogo kidogo ili wanunue kiwanja. Nitatoa jambo moja la kufanyia kazi. Kwetu Mombasa, Maka iko karibu sawasawa na kaskazini, kwa hiyo ukuta wa kibla haupigwi sana na jua, na mafundi wetu wa zamani hawakuhangaika nao. Lakini Houston na Dallas kibla ni kaskazini mashariki, nao ukuta wa nyuma, ambao aghalabu ndio wenye milango na mahali pa kuvua viatu, huelekea kusini magharibi, upande ambao jua la alasiri la Texas huupiga bila huruma, wakati ule ule watu wanapokuja kusali. Kahn alipojenga bunge la Dhaka alikigeuza chumba cha sala kikaacha mstari wa jengo zima ili kielekee Maka, akayakubali yaliyofuata kutokana na mgeuko huo. Nanyi mkubali yanayofuata kutokana na kibla chenu: wekeni baraza pana upande wa kusini magharibi, lenye paa linaloshuka chini na mahali pa kukaa, madirisha yafunguke kwa mkono pande mbili zinazokabiliana, na kiyoyozi kiwe msaidizi. Wakristo nao, ambao wengi wao hawafungwi na upande wowote, wana uhuru mkubwa zaidi wa kuyapanga haya. Kabla ya kutia saini mkataba, mwulizeni msanifu swali hili na msiridhike mpaka alijibu kwa mchoro: umeme ukikatika mwezi wa Julai, wazee wetu watakaa wapi?